Taa Niliyoilaza

Jumatatu, 27 Novemba

Leo ni miezi mitatu na siku kumi na mbili tangu niondoke Liwale. Fundi Bartolomayo amenipa daftari hili. Amesema kila ninachojifunza niandike, maana kichwa cha mtu wa miaka thelathini na nane ni ndoo iliyotoboka, ukijaza asubuhi jioni imebaki nusu. Gereji ni yake. Mimi ni kibarua wake: naosha vyuma, nafungua matairi, nalala kwenye stoo ya spana. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika ninavyoongea.

Mvua bado. Vumbi la huku Ipagala, Dodoma, ni jekundu, linaingia mpaka kwenye meno. Nimemwambia Mwamvua kwenye simu kwamba nitarudi mwezi wa nne nikiwa fundi kamili. Akasema, "Haya, mume wangu," kama mtu anayemjibu mgonjwa.

Alhamisi, 30 Novemba

Beringi tatu. Upepo kutwa.

Jumanne, 5 Desemba

Emiliana anayetuuzia chai na maandazi kwenye lango la gereji leo kanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa." Nikajibu "Marahaba," kama mtu aliyepewa shikamoo, watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Mumewe Joel ndiye aliyecheka kuliko wote. Joel ni dereva wa Noah ya mama mmoja anayeitwa Priska, mfanyabiashara wa mpunga, anapeleka na kuleta akina mama wa mpunga kati ya hapa na Bahi. Ananiita Korosho, kwa kuwa kwetu Liwale tunalima korosho.

"Korosho, huko kwenu magari yapo, au mnapanda tembo?"

"Tembo tunawafukuza shambani."

"Basi fukuza na hizo nati, tangu asubuhi unazibembeleza."

Simpendi. Ana mdomo, na ana viatu visafi kila siku katika mji huu wa vumbi. Sijui anafanyaje.

Ijumaa, 8 Desemba

Mvua ya kwanza. Ilikuja na mawe. Bati la stoo linavuja juu ya kichwa changu hasa.

Jumapili, 17 Desemba

Nimeumwa malaria siku sita. Fundi Bartolomayo alinipeleka hospitali mwenyewe, akakaa na mimi kwenye benchi mpaka saa nane mchana, na kazi zinamsubiri. Mkewe kanipikia uji wa uwele. Ndugu yangu wa tumbo moja hajawahi kunifanyia hivyo. Naandika ili nisisahau.

Jumatano, 20 Desemba

Nimemwuliza Fundi, hii ABS ni nini hasa, maana kila gari linalokuja lina taa hiyo ya njano na kila mtu anaisema kama jina la ugonjwa.

Hakunieleza kwa mdomo. Alichukua baiskeli ya mlinzi, akamwaga maji ya sabuni sakafuni, akaniambia nisukume. Nikasukuma, nikageuza usukani, baiskeli ikageuka. Kisha akalifunga gurudumu la mbele kwa kamba lisizunguke kabisa. "Sasa sukuma, geuza." Nikasukuma, nikageuza usukani mpaka mwisho. Baiskeli iliteleza moja kwa moja ikagonga pipa la oili chafu.

"Umeona?" akasema. "Gurudumu linalozunguka linasikia usukani. Lililosimama halisikii kitu, hata ukilia."

Basi ndiyo hivyo. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye maji au kokoto, magurudumu yanasimama lakini gari linaendelea kwenda, na linakwenda lilikokuwa limeelekea. Kwenye gari la ABS kila gurudumu lina sensa, kidude kama kizibo, kinachotazama pete ya chuma yenye meno. Gurudumu likizunguka, meno yanapita mbele ya sensa, habari inakwenda kwenye kompyuta. Kompyuta ikiona gurudumu moja linataka kusimama wakati gari bado linakwenda, inaachia breki ya hilo gurudumu kidogo, inashika tena, inaachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mguu wa mtu hauwezi kasi hiyo. Dereva anachosikia ni pedali inatetemeka. Wengi wanaogopa wanatoa mguu. Wasitoe. Wakanyage, wageuze usukani, wamkwepe huyo wa kukwepwa.

Ikiharibika, breki za kawaida zinabaki palepale. Kinachoondoka ni ule msaada. Taa ya njano inawaka ili dereva ajue kwamba msaada haupo.

Jioni Joel alipokuja kuchukua chai nilimwambia nimejifunza ABS. Kwa mara ya kwanza hakunicheka. Alisema mwezi uliopita fahali aliingia barabarani karibu na Zuzu, yeye akakanyaga mpaka chini, pedali ikamtetemesha mguu mpaka goti, akazungusha usukani akampita fahali pembeni. "Tangu siku hiyo, Korosho, mimi siogopi mfugo. Nakanyaga tu, nageuza."

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Gereji imefungwa. Mvua tangu alfajiri. Nimekula wali kwa Fundi.

Jumamosi, 6 Januari

Mvua kila siku. Magari yanarudi kutoka Bahi yamebeba tope la mbuga, jeusi, zito, likikauka linakuwa kama saruji. Linashika nyaya za chini linazing'oa. Kutwa nagonga tope kwa nyundo.

Ijumaa, 12 Januari

Noah ya Priska imekuja, taa ya ABS imewaka haizimi. Fundi alikuwa na kazi ya injini, akasema, "Nuru, hiyo ni yako peke yako. Niambie tatizo kabla ya adhuhuri."

Nilianza na fyuzi. Nzima. Mafuta ya breki, yapo kwenye alama. Nikapandisha gari, nikaosha magurudumu yote manne kwa brashi mpaka nikaona chuma. Nikapima sensa kwa mita. Ya mbele kulia ilisoma elfu moja na kitu, na nilipozungusha gurudumu kwa mkono mita ilicheza, maana yake inafanya kazi. Ya mbele kushoto haikusoma chochote. Waya wake ulikuwa umekatika ndani ya mpira, kwa nje unauona mzima. Nikafikiri nimemaliza, nikataka kumwita Fundi. Halafu nikasema ngoja, nikazungusha shafti polepole na kutazama pete ya meno, nikaona ufa. Kutu ilikuwa imevimba chini ya pete ikaipasua. Hata ningeweka sensa mpya, kila mzunguko ingesoma uongo penye huo ufa.

Fundi alipokuja akatazama, akanipiga begani. "Wapo wenye vyeti wangeuza sensa tu wakakwama." Sijasifiwa hivyo tangu nizaliwe. Naandika bila aibu, nilitaka kulia.

Sensa na pete havipo Dodoma. Mpaka Dar es Salaam, na wakala alisema wiki mbili, labda tatu.

Jumamosi, 13 Januari

Priska alikuja asubuhi, akasimama juu ya ubao ili asikanyage tope. "Wiki tatu siwezi kulaza gari. Mpunga upo shambani. Na Jumatatu linakwenda kukaguliwa, na taa hiyo hawalipitishi. Bartolomayo, nifanyie kama ulivyomfanyia yule wa Voxy."

Fundi akanitazama, kisha akatazama pembeni. "Nuru, ilaze taa."

Hapa gereji kulaza taa ni hivi. Unatoa dashibodi, unakata njia ya taa ya ABS inayotoka kwenye kompyuta, unaiunga kwa waya mdogo kwenye taa ya oili. Mtu akifungua swichi taa zote mbili zinawaka, akiwasha injini zote mbili zinazima. Mkaguzi akiangalia anaona taa imewaka na imezima kama inavyotakiwa. Ni kazi ya nusu saa. Nilitumia waya wa njano na utepe mweusi. Niliifanya vizuri, hilo pia naandika.

"Sensa zikifika tunaweka, tunarudisha kila kitu," Fundi aliniambia. "Breki zenyewe ni nzima. Watu waliendesha miaka hamsini bila ABS."

Joel alikuja kuchukua gari saa kumi. Mbele ya watu wa chai alisema, "Nani amelitengeneza, Korosho? Mungu wangu, ngoja niandike wosia." Wakacheka. Emiliana naye alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

Kisha akaingia, akafungua swichi, akawasha, akaona taa imezima. Akanitazama kupitia dirisha, sasa bila utani. "Imepona?"

Nikasema, "Imepona."

Jumatatu, 15 Januari

Noah imepita ukaguzi.

Alhamisi, 18 Januari

Mvua. Kushusha gia boksi.

Jumatatu, 22 Januari

Wakala wa Dar es Salaam hapokei simu. Nimemkumbusha Fundi mara mbili. Mara ya pili alisema, "Nimesikia, Nuru."

Jumatano, 24 Januari

Joel amegonga mtu.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mvua inanyesha, kupita Zuzu, karibu na daraja dogo la kalvati. Mzee mmoja mfugaji, jina lake Yoramu, alikuwa anavusha mbuzi. Akina mama waliokuwa ndani wamesema Joel aliwaona mbali, hakuwa anakimbia sana. Alikanyaga breki, akazungusha usukani kulia ambako njia ilikuwa wazi. Gari halikugeuka. Mama mmoja aliyekaa mbele alisimulia hapa gereji na mikono yake inaonyesha: "Amezungusha hivi, hivi, mpaka usukani umefika mwisho, na gari linakwenda tu mbele kama limepandishwa kwenye reli. Joel anapiga kelele, geuka, geuka, anaongea na gari kama mtu."

Mzee Yoramu amekufa palepale, na mbuzi saba. Akina mama ni wazima. Joel yupo polisi.

Fundi Bartolomayo alisikiliza akiwa ameshika spana namba kumi na saba. Mama alipoondoka akaendelea kufunga nati ileile aliyokwisha kuifunga.

Alhamisi, 25 Januari

Sikulala. Sina cha kuandika.

Jumamosi, 27 Januari

Fundi amekwenda mazikoni kwa Mzee Yoramu, amepeleka mchele. Mimi nilisema kichwa kinauma.

Jumanne, 30 Januari

Mkaguzi wa polisi amelipima gari. Breki zinashika magurudumu yote manne. Taa zote za dashibodi zinawaka na kuzima. Ameandika gari halina hitilafu. Kwa hiyo kosa ni la dereva, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Dhamana imekwama, wanataka wadhamini wenye hati za nyumba na Emiliana hana mtu wa namna hiyo. Joel amepelekwa mahabusu.

Fundi alinipa habari hizi tukiwa wawili. Nikamwambia, "Fundi, twende tukaseme."

"Tukaseme nini?"

"Kwamba taa tuliilaza."

"Wewe unajua kwa hakika kwamba ABS ingemwokoa yule mzee? Mvua, mbuzi, kalvati. Unajua?"

Nikasema sijui.

"Basi kama hujui usiseme."

Na ni kweli sijui. Nimeigeuza habari hii kila upande kama ile pete. Ninachojua ni kwamba Joel alikanyaga mpaka chini na kugeuza kwa sababu fahali alimfundisha hivyo, na kwa sababu mimi nilimwambia imepona. Angejua haipo angekwenda polepole. Angekanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kama wazee wa malori. Au asingekwenda.

Ijumaa, 2 Februari

Emiliana amerudi kuuza chai. Maandazi hayajaiva katikati. Hakuna aliyesema kitu, tumekula.

Jumatano, 7 Februari

Mvua. Lori la zege.

Jumatatu, 12 Februari

Watu wa chai walipotawanyika Emiliana aliingia gereji akasimama mbele yetu, mimi na Fundi. Alikuwa amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama."

"Nimetoka kumwona Joel. Hali chakula. Anasema kitu kimoja tu, pedali haikutetemeka. Anasema usiku mzima anakanyaga ukuta wa mahabusu kwa mguu, anasikiliza, wenzake wanadhani amepata kichaa. Mimi sijui pedali ni nini. Nauliza ninyi mafundi. Gari lile lilikuwa zima?"

Fundi akasema, "Polisi wamelipima, mama. Ni zima."

"Siwaulizi polisi."

Akageukia kwangu. "Baba Shabani, wewe ndiye uliyelitengeneza. Lilikuwa zima?"

Hajawahi kuniita kwa jina la mwanangu. Sikujua kama analijua. Nikasema, "Breki zilikuwa nzima, mama." Ni maneno ya kweli, na ni uongo mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule wa kwanza niliusema haraka.

Jumanne, 13 Februari

Chai hakuna. Emiliana hajaja.

Jumatatu, 19 Februari

Hajaja. Wanasema amekwenda kwa wazazi Bahi kulima mpunga wa watu.

Ijumaa, 23 Februari

Zamani nikimtazama Fundi Bartolomayo nilikuwa naona mtu aliyekaa na mimi kwenye benchi la hospitali. Sasa nikimwona anapanguza mikono naona mtu anayepanguza mikono. Benchi ni la kweli, na hili nalo ni la kweli. Sijui nitaviweka wapi vyote viwili.

Yeye pia amekonda. Jana alimkemea mteja aliyetaka taa ilazwe. "Hapa hatufanyi huo mchezo!" alipiga kelele, na mteja akashangaa, maana mwaka jana alifanyiwa hapahapa.

Alhamisi, 29 Februari

Sensa na pete zimefika kutoka Dar es Salaam. Zimefungwa vizuri kwenye boksi. Fundi ameliweka boksi juu ya kabati, nyuma ya makopo ya grisi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo naandika mengi.

Asubuhi Fundi aliniita kwenye stoo yangu, akakaa juu ya godoro langu, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alisema bima wamemtuma mtu wao kutoka makao makuu, anakuja kesho kulikagua lile gari. Huyu anafungua kila kitu, mpaka dashibodi. Gari lipo uani polisi. Priska ameruhusiwa kuchukua vitu vyake, vikapu na mizani.

"Wewe utakwenda kuvichukua kwa niaba yake. Karatasi hii hapa. Ukiwa ndani, unatoa ule waya wa njano. Unaunga njia ya kwanza kama ilivyokuwa. Dakika kumi, unajua mwenyewe. Halafu yameisha, Nuru. Mwezi wa nne nasaini fomu zako za mtihani wa ufundi, unarudi kwenu una cheti."

Nikachukua karatasi. Nikachukua bisibisi, koleo ndogo na utepe, na daftari hili likiwa mfukoni. Nasema ukweli, niliondoka nikiwa na nia ya kuutoa.

Uani polisi askari wa zamu alitazama karatasi, akanionyesha kidole. Noah ilikuwa kwenye majani, bampa limeingia ndani, na nywele za mbuzi bado zipo kwenye taa. Nikapakia vikapu kwenye toroli. Kisha nikaingia kiti cha dereva, nikainama, nikatoa dashibodi. Nikaupata waya kwa vidole kabla ya kuuona. Utepe wangu haujaachia hata kidogo.

Nikashika koleo. Na hapo ndipo nilipofikiri kile ambacho Fundi lazima alikwisha kukifikiri, yeye aliyekuwa fundi kabla mimi sijazaliwa. Nikirudisha njia ya kwanza, taa itawaka. Itawaka haitazima, kwa sababu sensa bado imekufa na pete bado ina ufa. Kesho mtu wa bima atafungua swichi, ataona taa ya njano inamtazama, ataandika: dereva aliendesha gari la abiria akiona onyo mbele ya macho yake, hakujali. Joel hatakuwa tena dereva aliyekwenda kasi. Atakuwa dereva aliyejua.

Na waya hautakuwepo. Na hakuna mtu atakayemwamini.

Nilikaa na mkono wangu ndani ya dashibodi muda mrefu. Mvua ilianza. Askari wa zamu akaniita kutoka kibarazani, "We mzee, vikapu vingapi hivyo?"

Nikaenda pale pale kibarazani nikamwuliza anayeshughulikia kesi ya Noah ni nani. Akaniingiza kwa mwanamke mmoja mrefu, koplo, wanamwita Afande Nasra. Alikuwa anakula embe kwa kisu.

"Shikamoo, afande." Umri wetu ni mmoja, lakini niliogopa.

"Nani wewe?"

"Mimi Nurdini, kibarua wa gereji. Gari lile lina waya nyuma ya dashibodi. Niliufunga mimi."

Aliweka kisu chini. Hakusema "kaa". Alisema, "Rudia."

Nikarudia. Akachukua mwavuli na funguo, akamwita mkaguzi aliyelipima mara ya kwanza, tukaenda watatu kwenye mvua. Nikawaambia wafungue swichi bila kuwasha injini. Taa ya oili ikawaka, taa ya ABS ikawaka. Tukangoja. Mkaguzi akasema, "Zimewaka. Kuna nini?"

"Hesabu, afande. Gari likiwa zima, taa ya ABS inazima yenyewe baada ya sekunde tatu, nne, hata injini haijawashwa. Kompyuta inajipima, ikiona salama inazima. Hii inangoja nini?"

Wakahesabu mpaka ishirini. Taa zote mbili zipo. Wakawasha injini. Zikazima pamoja, kwa pigo moja.

Mkaguzi alizima injini mwenyewe. Nadhani alikuwa anahesabu magari mengine aliyoyapitisha.

Kisha nikaomba ruhusa, nikakata waya wangu mbele yao, nikaunga njia ya kwanza. Wakawasha. Taa ya oili ikazima. Ya ABS ikabaki. Afande Nasra aliishika dashibodi kwa vidole viwili, akaisogelea kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Dereva alijua?"

"Hapana. Aliniuliza. Nilimwambia imepona."

"Nani alikuamuru?"

Nikaliona lile benchi. Kisha nikasema jina la Fundi Bartolomayo, na la Priska, na nikasema mkono ni wangu.

Naandika haya nikiwa bado kibarazani kwao. Daftari wameniachia, wamesema watanakili kurasa. Wamesema leo siondoki.

Alhamisi, 14 Machi

Mfungo umeanza, nimefuturu kwa maji na kipande cha mkate nilichopewa na mahabusu mwenzangu, Mkristo. Fundi Bartolomayo aliitwa. Tulikutanishwa mezani. Alisema, "Mimi sijui, huyu amefanya peke yake. Nilimwachia gari nikawa kwenye injini." Hakunitazama. Afande akamwonyesha lile boksi la sensa walilolikuta juu ya kabati lake, lina tarehe. Akasema anataka wakili.

Nilifikiri nitamchukia. Nilimwona tu amezeeka, ana grisi kwenye nyusi.

Jumanne, 19 Machi

Nimetoka kwa dhamana. Wamenidhamini wazee wawili wa msikiti wa hapa Ipagala ambao hata hawanijui vizuri. Sharti ni nisitoke Dodoma. Stoo ya spana imefungwa, godoro langu nimelikuta nje, limelowa. Nimepata kibarua cha kubeba kokoto kwenye jengo.

Jumatatu, 25 Machi

Joel ametoka. Shitaka lake limepunguzwa, dhamana imelegezwa. Afande Nasra aliniambia, "Usidhani umemsafisha kabisa. Mvua ilikuwa inanyesha, angeweza kwenda polepole zaidi. Lakini lile shitaka la kwanza lingemla miaka."

Jumatano, 27 Machi

Kokoto.

Jumatano, 3 Aprili

Joel alinikuta kwenye jengo saa sita, nimekaa juu ya rundo la mchanga. Viatu vyake vilikuwa na tope. Amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu.

"Nurdini."

Hakuniita Korosho. Nikasimama. "Karibu, Joel."

"Sikaribii. Nina swali moja. Bartolomayo alikuamuru uilaze taa, sawa, wewe ni kibarua wake. Lakini hakukuamuru uniambie imepona. Nilikuuliza, ulinitazama usoni. Kwa nini?"

Ningeweza kusema niliogopa kufukuzwa. Ingekuwa nusu ya kweli. Nimechoka na nusu.

"Ulikuwa umenicheka mbele ya watu."

Mashine ya kuchanganya zege kando yetu ilikuwa inazunguka.

"Nilikucheka," akasema. "Kweli nilikucheka. Mimi nacheka kila mtu." Akatazama viatu vyake. "Mzee Yoramu alikucheka lini?"

Akangoja kidogo kama mtu anayengoja kurudishiwa kitu, kisha akaondoka. Watu wa jengo wamesema siku hizi yeye na Emiliana wanakwenda kumpalilia mtama mjane wa mzee, bila kuombwa. Mimi sijathubutu kufika pale.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mvua imekata, mbingu imekuwa bluu. Nimeswali, nimekula pilau kwa wale wazee walionidhamini.

Jumatatu tulikuwa mahakamani. Tumesomewa mashitaka, mimi, Fundi Bartolomayo na Priska, uzembe uliosababisha kifo. Wao wamekana. Hakimu alipofika kwangu karani akanishauri kwa sauti ya chini nikane kwanza, ndiyo desturi, halafu nitafute wakili. Nikasema ni kweli. Hakimu akaniuliza kama nimeelewa ninachosema, nikasema nimeelewa. Hukumu yangu ni tarehe sita Mei.

Mchana nimempigia Mwamvua. Nilimweleza yote, tangu sensa mpaka mbuzi. Nilisikia kuku wa nyumbani. Akauliza, "Huyo mzee alikuwa na watoto?" Nikasema watano. Akauliza, "Wakubwa?" Nikasema wawili bado wadogo. Kisha akauliza, "Mikorosho niitafutie mtu wa kuipulizia dawa?"

Nikasema amtafute.

"Na unarudi lini? Usiniambie ulivyozoea."

Yule mzee wa msikiti anayejua mambo ya mahakama amesema kwa mtu aliyekiri inaweza kuwa mwaka mmoja, inaweza kuwa miwili, na inaweza kuwa faini ambayo sitaiweza, ambayo ni kifungo vilevile. Nimehesabu kutoka Mei. Nimemwambia Mwamvua asiniweke kwenye mavuno haya wala ya mwakani. Anitegemee Mei ya mwaka keshokutwa, mvua za huko zikiisha na barabara ya Liwale ikipitika. Nitashuka stendi mchana. Asimtume mtoto kunipokea, nitakuja kwa miguu.